Sahihi za Soda: Maelezo Kuhusu Kupigwa kwa Mzee Mbuthia

KITUO CHA POLISI, ELDORET
Tarehe 15/3/2025, saa nne asubuhi

Mimi ni Maximilla Nabwire, miaka 47, fundi wa cherehani, mkazi wa Langas. Kibanda changu cha mjini kilipakana na cha Mzee Isaiah Mbuthia, muuza viatu, mwenyekiti wetu. Mimi ndiye karani wa kikundi chetu cha wenye vibanda.

Mnamo tarehe 20 Februari afisa wa mradi alituita mkutanoni. Alisema kuna mfadhili wa kupendezesha katikati ya mji: matofali ya kabro ya kutandika njiani, taa, mitaro. Vibanda hakuvigusia. Tulitia sahihi ili tupewe soda na mkate, kama kawaida yetu. Soda yenyewe ilikuwa moto.

Jana, tarehe 14 Machi, saa moja na nusu asubuhi, tingatinga lilikuja. Tukalizuia. Afisa yule yule akatoa karatasi za soda, sahihi sabini na tatu, akasema ndizo zilizomfanya mfadhili akubali kutoa pesa. Juu ya karatasi ya kwanza palikuwa pameandikwa: "Wenye vibanda waliokubali mradi na kuhama."

Opiyo, muuza sufuria, aliuliza, "Nani aliandika hapa juu?"

Mzee aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Mwenyekiti ni mimi. Niulizeni mimi."

Opiyo aliokota kabro kwenye rundo la mradi, akampiga nayo mdomoni. Wengine nao wakaokota. Mzee alianguka ndani ya mtaro, wakamfuata humo humo. Nilisikia mfupa ukivunjika. Tingatinga lilikuwa linaponda cherehani yangu na sikugeuka. Polisi waliporusha vitoa machozi, saa mbili kasoro dakika kumi, Mzee hakuwa na uso wa kutambulika. Yuko hospitalini, hajaamka.

Maneno ya juu niliyaandika mimi. Siku ya mkutano, watu walikuwa wameondoka, afisa wa mradi akasifu mwandiko wangu, akanitajia ya kuandika. Nilidhani kuhama ni kwa siku za kazi tu, kisha turudi. Mzee aliujua mwandiko wangu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na nikanyamaza. Naona aibu hata kumtembelea.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyafanya.

Sahihi: M. Nabwire

Maandishi ya afisa wa polisi: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akasema ni sahihi. Kabla ya kutia sahihi aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe mara mbili kuanzia juu kabisa, akauliza inapelekwa wapi. Nilimweleza. Ndipo akatia sahihi.
Koplo Cyril Mukhwana