Kosa la Tisini na Nane

Marlow, Ohio
4 Septemba 1979

Baba mpendwa,

Natumaini goti limetulia na kulungu wamekuachia nyanya mbili tatu. Mimi ni mzima, ila sina raha.

Jana msimu wa besiboli ulikwisha. Mpira ulimpita mlinzi wetu Pruitt katikati ya miguu, nami, mwandishi rasmi wa mchezo ninayeamua lipi ni kosa, nikaandika kuwa ni pigo safi la mpinzani, si kosa la Pruitt. Hivyo timu imemaliza na makosa tisini na saba, na rekodi ya timu yenu ya 1954 ya makosa machache kuliko zote, tisini na nane, imevunjwa. Mji mzima unasherehekea barabarani.

Huenda niliogopa kuambiwa ninamlindia baba rekodi. Huenda mpira ulikuwa mgumu kweli. Ligi inafunga daftari Ijumaa ya wiki ijayo; hadi hapo naweza kubadili. Nifanyeje?

Mwanao,
Lorna

6 Septemba

Lorna mwanangu,

Goti halijambo, kulungu ndio wanaonenepa. Nilimsikia mtangazaji redioni: "Pruitt, kaka, funga mlango huo, baridi inaingia!" Usiniulize mimi, rekodi ni yangu. Andika ulichokiona.

Baba yako

10 Septemba

Baba,

Hujambo? Nimebadili. Sasa ni tisini na nane, sare na yenu. Pruitt alinigongea mlango: "Dada, zawadi unaitoa kisha unainyang'anya? Mwambie mzee wako aipike hiyo rekodi, ale!" Kanisani hakuna aliyeketi karibu nami.

Nilidhani ukweli ungenituliza. Sijui kama nimeutendea haki mchezo au nimekutendea wewe. Nijibu upesi.

Mwanao,
Lorna

12 Septemba

Mwanangu,

Pole. Barua yako niliifurahia kwanza, ndipo nikaona aibu.

Julai 1954 mpira ulinipita vilevile, katikati ya miguu. Mwandishi alikuwa Bwana Ames, aliyekula pai ya mama yako kila Jumapili. Aliandika pigo safi. Nilitazama juu alipoketi, nikamvulia kofia. Makosa yetu ya kweli yalikuwa tisini na tisa.

Leo nimempigia simu katibu wa ligi. Anasema daftari la 1954 halifunguliwi tena.

Basi nakuja Jumamosi na saa ya dhahabu niliyotunukiwa kwa rekodi ile. Mwite Pruitt. Usimweleze kitu, nitamwambia mwenyewe, na wewe ukisikia. Chemsha kahawa ya watu watatu.

Baba yako