Amana ya Mwanakhamis

Jumapili, 5 Mei

Jezi zimo mashineni. Udongo wa kiwanja chetu cha Edmonton, hapa London, hautoki kwa sabuni moja. Tumefungwa tena. Safari hii hata hasira sina, nina aibu tu.

Sababu ni ile ile. Mrushaji hatuna. Besiboli bila ya mtu wa kurusha mpira ni harusi bila ya bwana harusi, mtapiga ngoma mpaka mchoke na ndoa haipo. Tulichonacho ni wasichana wa ndani, wale wanaolinda vituo na kudaka mipira ya chini chini. Nafasi zao nne, wao sita. Kila wiki wawili wanakaa benchi wananitazama kama niliyewanyima chakula.

Leo nimemjaribu Nasra arushe. Mwanangu, lakini mkono hana. Kampiga binti wa watu begani, nikaenda kuomba radhi kwa mama yake.

Rahima, mtoto wa shoga yangu tunayekaa naye, kadaka kila kilichokuja. Kisha karudi nyumbani kaosha vyombo bila ya kuambiwa. Nasra kalala kwenye kochi na viatu vyake.

Jumanne, 7 Mei

Bwana Harshad kanipigia simu kutoka Stanmore nikiwa ndani ya bas, natoka kwa bibi ninayemtunza asubuhi. Yeye ndiye mwandika alama wetu. Kazaliwa Unguja mjini, kaondoka na wazee wake baada ya mapinduzi akiwa kijana, na Kiswahili chake bado kina chumvi kuliko cha watoto wetu waliozaliwa hapa. Mapenzi yake ni kriketi. Besiboli anaivumilia kwa ajili ya mjukuu wake.

Anasema timu ya Ilford wana warushaji watatu na ndani kwao kunavuja. Wako tayari kutupa mmoja, Marisol, kwa wasichana wetu wawili wa ndani. Dirisha la usajili linakaribia kufungwa.

"Una akiba usiyoitumia, Zuwena," kanambia. "Akiba inaoza."

Nikamwambia watoto si ndizi. Kacheka. Lakini neno limeniingia, na mpaka nafika kituo cha kushuka nilikuwa nishakubali nusu.

Alkhamisi, 9 Mei

Wazazi wamegawanyika kwenye wasapu. Kuna wanaosema tumewalea wasichana hawa tangu walipokuwa hawajui gongo linashikwa vipi, vipi tuwatoe sasa wameiva? Kuna wanaosema kumweka msichana hodari benchi ndiyo dhulma, bora akacheze kwa watu. Wote wana haki. Mie mambo haya sikuyasomea. Nilikwenda kumchukua Nasra skuli, mpira ukanijia, nikaurudisha kwa mkono wangu wa utotoni, wa mchezo wa rede, mwalimu akaniita. Ndiyo ukocha wangu huo.

Nimekubali. Msichana wa kwanza ni rahisi. Joanne anakaa Ilford na mwenyewe anataka. Wa pili, kocha wao kasema, Nasra au Rahima. Yeyote. Nichague mimi.

Kwa haki ya mchezo nani abaki? Rahima. Ni bora kuliko Nasra, kila mtu anajua na Nasra anajua. Nani anayeweza kufika Ilford kwa mazoezi? Nasra. Ana nafasi, ana gari la baba yake wikiendi. Rahima ana shifti ghalani na mabasi mawili. Kila nikipima, mizani inamwangukia Nasra.

Na Nasra akisikia tu kuwa namfikiria atanuna mwezi mzima. Atapiga milango. Atampigia simu baba yake, na baba yake atanipigia mie.

Jumapili, 12 Mei

Nimemtoa Rahima.

Naliandika tena nilione. Nimemtoa Rahima.

Nilimwambia jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia Ilford wanamtaka yeye khasa, wamemsifu, ni heshima kubwa kwake. Uongo mtupu. Kasema, "Sawa, mamdogo. Kama ndivyo mlivyoona." Kaendelea kukata vitunguu.

Nilimchagua kwa sababu najua halalamiki. Hakuna sababu nyengine. Nilizitafuta nyengine tangu juzi ili nizitie hapa, hazipo.

Mama yake, Mwanakhamis, ni shoga yangu tangu tuko wasichana. Miaka miwili nyuma alirudi Unguja kumuuguza mama yake. Pale uwanja wa ndege alinishika mkono akaniambia, "Zuwena, huyu amana." Basi. Neno hilo halina haja ya maelezo. Amana hurudishwa kama ilivyopokewa, na haipewi mtu wa tatu. Nikamwambia nenda zako, mwanao ni mwanangu. Nimelisema mara ngapi neno hilo mbele za watu, nikasifiwa kwalo? Leo wake na wangu wamewekwa mizani moja, nimejua nani wangu.

Jumapili, 19 Mei

Tumeshinda. Marisol ana mkono, ma sha Allah, mpira unatoka kwake hujui umepita wapi. Watu wamenikumbatia. Bwana Harshad kapita na karatasi zake za alama, kidevu juu. Hakusema "nilikwambia". Uso wake ulisema.

Nasra kacheza nafasi ya Rahima. Kaangusha miwili. Hakuna aliyejali, tumeshinda.

Rahima karudi kutoka Ilford jua linazama, kachoka. Kauliza tumepata ngapi. Nilipomwambia kafurahi kweli, kamkumbatia Nasra, kataka asimuliwe kila mpira. Afadhali angenuna. Nikenda chooni nikafungua maji yatiririke, nikakaa.

Ijumaa, 24 Mei

Kuna kitu kimebadilika na mie najifanya sikioni.

Jana Rahima kaniuliza, "Mamdogo, naweza kuchemsha chai?" Miaka miwili anachemsha chai yangu na yake na ya Nasra, hajawahi kuuliza. Mswaki wake haumo tena kikombeni, anauweka kwenye mkoba. Friji halifungui. Anakuja na chakula chake kutoka kazini, anakula kwa haraka, anafuta meza mara mbili.

Leo Mwanakhamis kapiga simu. Mama yake hali yake ni hiyo hiyo, siku ya nguvu, siku ya kitanda. Mwisho kauliza kama anavyouliza siku zote, kwa mzaha wake ule, "Na amana yangu?"

Hajambo, nikasema. Yuko kazini. Na kweli alikuwa kazini. La timu sikuligusa. Nilizungumza sana habari za bei ya mchele.

Jumatano, 29 Mei

Rahima kaondoka.

Nimerudi kazini nimekuta kitanda chake kimetandikwa, shuka zimefuliwa, kabati upande wake tupu. Ufunguo kauweka kwenye kisahani pale mlangoni. Kaniandikia kwenye simu kuwa kapata chumba Ilford na wenzake wawili wa timu, ni karibu na mazoezi, na kazi atahamia tawi la huko. Kanishukuru. Kaniomba nimsamehe kwa usumbufu wote.

Usumbufu!

Nasra alikuwa analia. Nikamuuliza, kanijibu kwa Kiingereza chake cha kasi mpaka nikamwambia pole pole. Anasema Rahima alimwambia siku ile ile ya vitunguu: "Mama yako kanichoka na hana uso wa kunambia, kwa hiyo kanitoa kwenye timu, ili nifahamu." Nasra alimwambia si hivyo. Rahima kamwambia wewe mtoto wa hapa, hujui.

Nikakaa kitini na koti langu.

Kwetu nani humwambia mgeni ondoka? Hakuna. Mwenyeji huanza kupiga miayo. Chai inakuja bila ya kitafunio. Anataja kuwa kesho ana safari ya mapema. Mwenye adabu hufahamu, hufunga mzigo wake akashukuru, na kila mtu akabaki na heshima yake. Rahima kaja Uingereza na mama yake ana umri wa miaka kumi na miwili, kwao wamemlea vizuri, na mie nimemalizia. Nilimfundisha mwenyewe kuwa mtu mzima hangoji kuambiwa.

Kaona ishara, kaifuata. Ishara hiyo sikuituma.

Au niliituma? Niseme kweli, hapa hasomi mtu. Nasra alikuwa akilalamika chumba kidogo. Na ilikuwepo siku, si moja, niliposimama mlango wa choo nangoja, nikasema moyoni, huyu mama yake atarudi lini? Sikuwahi kulitoa mdomoni. Sikudhani linaonekana.

Jumamosi, 1 Juni

Nimempigia Mwanakhamis. Nimemwambia yote. Timu, Ilford, yeyote, Nasra, vitunguu, ufunguo. Nimesema bila ya kupumua kwa kuogopa nikipumua nitaacha.

Nilisikia kijiko kinagonga bakuli, alikuwa anamlisha mama yake.

"Ungenambia tu, shoga yangu," kasema. "Ningemtafutia pa kukaa."

Nikamwambia siyo hivyo, Mwanakhamis, wallahi siyo hivyo. Kasema najua. Hakujua. Kasema miaka miwili si kidogo, nimemstahamilia mwanawe, Mungu atanilipa. Kanishukuru. Sauti nzuri, ya adabu, ile anayozungumza nayo na watu wa ofisini. Angenitukana ningelala.

Jumapili, 9 Juni

Tumecheza na Ilford, kwao.

Rahima kasimama baina ya kituo cha pili na cha tatu, mahali pake. Jezi yao ya kijani imemkaa. Kabla ya kuanza kaja kunipa mkono, "Chei-chei, mamdogo," shikamoo yetu ya Unguja, mbele ya wenzake, kama inavyotakiwa.

Mpira wa mwisho kaupiga Nasra. Umekwenda chini, mkali, upande ambao mtu yeyote mwengine angeuacha upite. Rahima kajitupa, kaupata, karusha akiwa bado magotini. Mpira umemtangulia Nasra kituoni kwa hatua moja, katolewa. Wamefurahi, wamemnyanyua. Na mie nimepiga makofi, nimesahau kuwa tumefungwa. Bwana Harshad kaniangalia, kisha na yeye kapiga.

Baadae nilimfuata Rahima nyuma ya uzio. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakapotea yote.

"Rahima, nimekukosea," nikamwambia. "Wao walisema yeyote. Mie ndiye niliyekuchagua wewe. Nasra angenuna, na wewe nilijua hutanuna. Ndiyo sababu yenyewe. Naomba radhi."

Kaitazama glavu yake, kaivuta kamba.

"Nilijua, mamdogo," kasema. "Kocha wa hapa alinambia siku ya kwanza ya mazoezi, wao wangemchukua yeyote."

Kumbe alijua, na bado kitanda alikitandika, na shuka alizifua.

Nikamwambia sikukuchoka, nyumba ni yako, rudi. Dirisha la usajili limefungwa, timu hata abaki huko, lakini arudi nyumbani. Kasema hapa anacheza kila wiki, na kazi iko karibu. Nikaona kuwa kweli yuko vizuri, na hilo halikunipunguzia kitu. Kisha kasema lile neno letu la kufungia mazungumzo, "Hamna neno, mamdogo. Yamekwisha." Na alilisema vizuri, bila ya kinyongo. Mie najua yakisemwa yamekwisha yanawekwa wapi.

Tumerudi Edmonton mie na Nasra. Pale mlangoni ndiyo kaniuliza, kwa Kiswahili, mtoto ambaye Kiswahili humtoka kwa kubembelezwa: "Mama, kwa nini hukunitoa mimi?"

Jibu analijua. Kachukua jezi zote kwenye mfuko, kazitia mashineni mwenyewe.

Jumapili, 16 Juni

Iddi. Tumeswali uwanjani, kulikuwa na kijibaridi. Biriani limetoka vizuri.

Baada ya adhuhuri kengele ya mlango imelia. Nasra kauliza nani huyo, watu wetu hawapigi kengele, wanasukuma mlango na kelele zao. Nikenda mwenyewe.

Rahima. Buibui jipya, hina mkononi. Kashika boksi la biskuti, zile za bati, zilizofungwa utepe.

Nikamwambia ya nini kujisumbua. Kasema si kitu, mamdogo. Kavua viatu, kasimama mpaka nilipomwambia akae. Kakaa kochi la karibu na mlango. Nikampakulia, kala, kasifu. Kanipa salamu za mama yake. Anasema bibi anakula kidogo kidogo.

Nasra kamvuta uani, wakarushiana mpira. Niliwasikia wanacheka, na mpira unalia kwenye glavu, pa, pa, mmoja wa polepole na mmoja wa nguvu. Nilijua upi wa nani bila ya kutazama.

Alipoingia kaniuliza anisaidie vyombo. Nikamwambia kaa tu, pumzika. Nimeshalisema ndiyo nikalisikia. Ndivyo tunavyowaambia wageni.

Nimemfungia biriani la kwenda nalo. Ndani ya mfuko, juu ya bakuli, nikautia ufunguo. Kauona pale mlangoni wakati anavaa viatu. Kautoa taratibu, kaurudisha kwenye kisahani, kanibusu mkono, kanishukuru kwa chakula. Kasema atakuja tena, in sha Allah. Nasra kamsindikiza kituoni.

Nimemaliza vyombo. Boksi la biskuti liko mezani na utepe wake. Hatujalifungua.