Soya ya Kokushubila

Mpendwa mshauri,

Leo ni tarehe 9 Februari 1953, na ni mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Kamachumu kuja Tabora kuwa karani wa reli. Nakuomba unisaidie, maana tangu Krismasi, nilipokwenda kumsalimu dada yangu Kokushubila, moyo haujatulia. Yeye ni mjane, amerudi kulima kibanja cha baba yetu, yaani shamba lake la migomba, ambacho nilikirithi mimi nisiyekikalia, na kwetu migomba ni ya mwanamume, ila rweya, mbuga ile ya majani nje ya kibanja, ni ya mwanamke na jembe lake, na tangu utoto wangu haikutoa kitu isipokuwa njugu mawe kidogo na nyasi za kutandika sakafuni. Sasa serikali inawapa wakulima mbegu za soya bure na kuwaongezea bei wakivuna, na mshauri, nilipotoka katika migomba nilivua kofia bila kujua, kwa kuwa kilima chote kilikuwa kijani mpaka kwenye mawe. Dada aling'oa mche akanionyesha mizizi yenye vinundu kama shanga, akasema bwana shamba amewafundisha kwamba mmea huu huurutubisha udongo unaoulisha. Majirani walipopewa mbegu hizo waliziunga na ndizi kama maharage, zikachemka kutwa na kubaki ngumu, wakawatupia kuku, ila yeye alizipanda.

Lakini kuanzia mwaka huu msaada huo atapewa tu mwenye kibanja aliyepo kijijini na kuandikwa na bwana shamba, na binamu yetu Kashaija, ambaye hakukanyaga rweya maisha yake yote kwa kuona ni aibu, sasa anaipima kwa fimbo yake ya kutembelea, na ameuambia ukoo kwamba kibanja hakina mtu, apewe yeye.

Siku hiyo ya kikao dada, aliyekuwa akimpakulia chakula, akamwuliza, "Waitu, ndugu yetu, na ndizi unazokula hapa zimemenywa na nani?"

Wazee walicheka, ila hawakuamua. Walisema wananingoja mimi nirudi kukaa. Nikawajibu kwamba nitafikiri. Je, nirudi? Kashaija akikitwaa kibanja, dada yangu atakwenda wapi?

Philbert, Tabora

Shikamoo, Mzee Philbert.

Habari ya kilima hicho nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimestaajabu. Sasa nivumilie. Kashaija hana nguvu yoyote ila ile uliyompa wewe kwa kusema utafikiri. Ukoo unakungoja, na dada yako analima juu ya neno ambalo hulitamki. Ulivua kofia mbele ya kazi yake kama mgeni, maana kule u mgeni. Usione uchungu, hata mgeni huweza kutoa zawadi.

Panda treni hadi Mwanza, kisha meli, ushuke Kemondo kabla ya mvua za masika. Wanunulie wazee rubisi, pombe yenu ya ndizi, na umwite bwana shamba aje asikie. Mkabidhi dada kibanja mbele yao wote, kiwe chake, kisiuzwe nje ya ukoo. Ukoo ukimtambua, bwana shamba naye atamwandika. Kashaija akitaka soya, aombe kazi ya kupalilia.

Usihutubu. Wakikuuliza utakuja lini kukaa, simama useme waziwazi: "Kibanja ni cha Kokushubila. Mimi sitarudi."