Chati ya Ukutani

Jumanne, Anderlecht

Mkemia pekee chuoni ni mimi, halafu kamati ya kuajiri wa pili imejazwa mwanafalsafa na mwalimu wa dansi! Walikuwa wanatikisa vichwa tu, kama wanaelewa.

Leo alikuja binti wa Lubumbashi. Alifundisha somo la majaribio vizuri mpaka nikaona wivu. Kisha akaitazama chati ya elementi niliyoitundika mwenyewe miaka ile, akaninong'oneza kwa Kiswahili, ambacho wenzangu hawakijui: “Maman, hii tableau ni ya zamani sana. Elementi ingine haiko.”

Mwanafalsafa akauliza kasema nini.

“Anasifu maabara,” nikajibu.

Nimempigia kura. Naogopa atanifunika, sifichi. Lakini mtu anayekukosoa huku akikusitiri mpe kazi upesi, kabla hajaanza kutafsiri.