Nyekundu Ilivyosomwa Mita

Marovoay, 14 Januari

Mwanangu Tahiana,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na huko kukaa kwako kutwa kwenye kompyuta? Sisi wazima, ila mama yako nimechekwa.

Jana karatasi ya programu yako ya kupima mto ilitoka kwenye printa ya ushirika: “Kina cha mto [31m4,1”. Nikashika kipaza sauti, nikatangaza mita thelathini na moja! Watu wakakimbilia mlimani na ng’ombe na magunia ya mpunga. Maji hayakuja. Mzee Ndriana akanitania mbele za watu, “Bi Noro, siku nyingine ututangazie bahari kabisa!”

Wao wanacheka, mimi naogopa. Mafuriko ya kweli yakija, nani atanisikiliza?

Mama yako

Antananarivo, 19 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo haujambo, ila barua yako imenikosesha hamu ya kula. Mto ukianza kutisha, programu huandika kina chake kwa rangi nyekundu. Skrini yangu huielewa alama ya rangi na kuificha. Printa yenu haiijui, ikaichapa kama ilivyo. Hiyo [31m si mita, mama, ni “nyekundu”. Kina kilikuwa mita nne na kidogo.

Nimerekebisha. Sasa programu huangalia kwanza maandishi yanakwenda wapi. Yakienda kwenye skrini inayojua rangi, hupaka. Yakienda kwenye printa au faili, huyaacha bila alama ya rangi. Na mtu akisema hataki rangi, humtii.

Asante kwa kuniandikia. Ungenyamaza, nisingejua kamwe.

Mwanao

Antananarivo, 26 Februari

Mama, shikamoo. Redio inasema kimbunga kimepita kwenu. Simu yako haipatikani. Mko wapi? Nijibu hata neno moja.

Mwanao

Marovoay, 3 Machi

Mwanangu,

Tu wazima, wote.

Karatasi ilitoka safi: “Kina cha mto 8,6”. Nikatangaza, watu wakasita. Mzee Ndriana akaingia ofisini. “Hebu niione mwenyewe.” Akaisoma, akairudia, kisha akaninyang’anya kipaza sauti. “Jamani, niliyemcheka Bi Noro ni mimi. Leo natangulia mlimani. Atakayebaki, shauri yake!”

Wakamfuata. Jioni maji yalikuwa yamefika madirishani.

Nyumba yetu imekwenda. Tunalala shuleni, tunapika wali sufuria moja na kunywa maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wake, na kila mama hapa ananishika mkono akikutaja wewe. Nimeahidi kukufikishia shukrani zao: asante, mwanangu.

Ukija, niletee kandambili. Zangu zimechukuliwa na mto.

Mama yako