Marufuku Kupanda Mlima Huu

Jumatatu, 2 Novemba 1953
Baiskeli tena hadi Lugulu. Maili kumi na mbili kutoka nyumbani Gongoni, mjini, kwa njia ya zamani ya misafara. Wapagazi wamekwisha, mchanga umebaki. Mgongo unauma. Kwenye ramani wazungu wameandika "Mlima Lugulu", na lugulu kwa Kinyamwezi ni mlima. Basi kila wiki nakwenda Mlima Mlima.

Bwana Shamba, mzungu ninayemfanyia ukarani na ukalimani, alihutubia wanakijiji. Alisema kwao theluji hulala juu ya milima, huyeyuka polepole, mito haikauki. Sikupata neno. Nikasema barafu laini kama unga. Wakacheka sana. Akaendelea muda mrefu: huku hakuna theluji, nyasi na miti ndiyo hushika maji, na mtu akilima mteremko mvua hushusha udongo mpaka lambo, bwawa la kijiji, linajaa tope. Jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa hoi. Nikafupisha: mlima usiguswe, ndio unaotunza maji yenu.

Jumatano, 4 Novemba
Mvua ya kwanza. Nimetunga maneno ya kibao. Bwana Shamba alitaka watu wakatazwe kulima na kupanda mbegu mteremkoni, kupita mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Ubao ulikuwa mfupi. Nikaandika: NI MARUFUKU KUPANDA MLIMA HUU. Nikasifiwa kwa kujua kubana maneno.

Jumapili, 15 Novemba
Siku yangu ya kupumzika, nimeitwa. Bwana Shamba na wenzake wanne walikwenda kupanda majabali ya Lugulu kwa kamba, kujifurahisha tu. Nilihitajika kuwasemea kwa wabeba vikapu. Upande wa mashariki ni mwamba mtupu, hata mbuzi hupita mbali. Walifika kileleni, wakala kuku baridi, wakashuka magoti yamechubuka na nyuso zimejaa raha. Mtu anajichosha kwa hiari yake! Mimi huchoka bila hata kupanda.

Wanakijiji walisimama karibu na kibao wakiwatazama. Nilidhani ni mshangao.

Alhamisi, 26 Novemba
Nimepita Lugulu kukagua. Nyumba ya kwanza ni ya Mama Nyamizi, mjane, anaishi peke yake. Shikamoo, marahaba. Alikuwa anachuja maji ya lambo kwa kitambaa. Tope tupu. Nikamuuliza kwa nini asichote yale safi kwenye mashimo ya mwamba huko juu, kama zamani.

"Mwanangu karani, si mmetukataza kupanda mlima? Siku hizi wanapanda wazungu tu."

Nyuma yake mtama ulikuwa umeota vizuri, hatua ishirini kupita mawe ya chokaa. Nikauliza, na huu? Akasema huo kaupanda chini hapa, juu hajakanyaga tangu kibao kije. Alisema kwa fahari, mtu aliyetii amri.

Nikabaki nimeshika usukani wa baiskeli. Mimi mtoto wa mjini niliwaza mbegu. Wao waliwaza miguu. Kwa Kinyamwezi ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Kijiji kizima kinakunywa tope kwa sababu yangu.

Nilipanda baiskeli nikaondoka.

Ijumaa, 27 Novemba
Ningeweza kusema leo. Bwana Shamba alikuwa na furaha. Barua ya kunipandisha cheo iko mezani kwake, haijatiwa sahihi. Hata hapo neno ni lilelile. Sikusema.

Jumanne, 8 Desemba
Matarishi wa mtemi, chifu wa huku, wamemkamata Mama Nyamizi. Kulima mteremko. Adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja. Mwezi huu, wakati wa palizi! Akitoka atakuta magugu. Hana mtu mwingine wa kumlimia. Atakula nini mwakani?

Alhamisi, 10 Desemba
Baraza. Hakimu alimuuliza kama alikiona kibao.

"Nilikiona, nikasomewa. Mlima sijapanda. Nimepanda mtama."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alinigeukia: "Karani, uliwaeleza kwa mdomo kwamba ni habari ya kilimo?"

Bwana Shamba alikuwa amekaa karibu yangu. Nikasema ndiyo.

Nilingoja Mama Nyamizi anikanushe mbele ya watu wote. Akanitazama kidogo, kisha akamwambia hakimu: "Kama karani alisema, basi mimi sikusikia vizuri. Masikio yamezeeka."

Mwezi mmoja. Mimi ni mwoga. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumamosi, 12 Desemba
Nimesema. Kabla ofisi haijafunguliwa, nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Neno la kibao, hotuba niliyoikata, uongo wa barazani. Bwana Shamba alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Akachukua barua yangu akaichana, akaniambia twende kwa hakimu. Huko nikarudia yote. Hakimu alinitazama kama kitu kilichooza.

Mama Nyamizi ametoka jioni. Mtama wake lazima uondolewe, amri iko palepale. Kibao kitaandikwa upya: KULIMA. Neno ni fupi hata kuliko langu. Ukalimani nimenyang'anywa. Kuanzia Jumatatu nahesabu magunia ghalani.

Nilidhani nitalala vizuri. Wapi.

Jumapili, 13 Desemba
Manyunyu tangu asubuhi. Nimekwenda Lugulu bila kutumwa. Jirani amempa Mama Nyamizi kipande cha tambarare, karibu na njia. Nimeng'oa mtama mche kwa mche, na udongo wake, nikabeba kwenye ungo. Njiani nilipishana na wanawake wakishuka mlimani na mitungi. Hawakunisalimu.

Mama Nyamizi alikuwa anachimba vishimo kwa jembe la mkono. Miche mingine imeshalala. Ikishika, atavuna kidogo. Aliniambia naibananisha mno. Nikaiachanisha.

Jirani akaja, akamwambia waziwazi kwamba mimi ndiye niliyemsingizia barazani.

Alijibu kwamba anajua. Akachimba kishimo kingine, nikaweka mche.