Nyuzi Saba za Ami Shenouda

Irini shoga, Ami Shenouda kampasua kichwa kaka yangu Bishoy. Ndiyo, Ami! Yule mpole!

Leo si ndiyo Jumatatu ya majibu ya nafasi za mafunzo hospitalini? Bishoy kapata. Ami kakosa, mara ya sita.

Tuko mezani tunakula ful, maharage yetu yale, Bishoy, aliyefundishwa kushika kisu cha upasuaji na Ami huyohuyo kule Misri, Asyut, akacheka: "Ami, una miaka hamsini! Kompyuta inatupa maombi ya waliohitimu zamani kabla mtu hajayasoma. Si uendelee tu kutoa watu damu ya vipimo pale kliniki?"

Kutoa watu damu! Kamwambia hivyo, Irini! Mtu aliyefanya upasuaji miaka ishirini!

Bakuli likaruka. Ikaja ngumi, kikaja kiti. Damu mpaka ukutani. Nikapiga mayowe hadi jirani akaita polisi.

Ghafla Ami akaacha. Akainama, akakitazama kidonda. "Nileteeni mkoba wangu."

Akamshona palepale sakafuni, nyuzi saba, mkono hautetemeki hata kidogo. Bishoy analia, "Ami, nisamehe." Anajibiwa, "Nyamaza, usitikise kichwa."

Polisi hao mlangoni. Ami akanisukumia sindano na uzi: "Ficha!" Mimi na woga wangu nikavitia kwenye sufuria ya ful.

Unajua hapa New Jersey hana leseni ya kutibu. Wakijua amemtibu mtu, udaktari kwaheri.

Polisi akauliza nani kampiga, nani kamshona.

Ami akanyoosha mikono afungwe pingu. Akasema:

"Aliyempiga ni mimi. Aliyemshona simjui."